Fukusi, Dumuzi na Jamaa Zao: Somo la Kuwapambanua Wadudu wa Ghalani

Chota kopo moja la mahindi ya mavuno yaliyopita kutoka gunia lo lote, uyamwage juu ya karatasi nyeupe penye mwanga wa jua, kisha ungoje kidogo. Haitapita dakika moja utaona vidudu vyeusi, vya kahawia na vyekundu-vyekundu vikitoka mbio kutafuta kivuli. Ukimwuliza mtu jikoni, "Hawa ni wadudu gani?" atakujibu bila kusita, "Ni fukusi." Jibu hilo lamtosha mpishi, kwa kuwa kazi yake ni kupepeta na kusonga posho. Lakini kwa mwenye ghala halitoshi hata kidogo, maana juu ya karatasi ile ile moja huenda wamo wadudu wa aina nne au tano, kila mmoja na desturi zake, na dawa inayomwua mmoja yaweza kumwacha mwenzake akiendelea kula kana kwamba umemnyunyizia vumbi la barabarani.

Nimeona vema, basi, kuwaandikia wanafunzi wa shule yetu, na ninyi wanafunzi wa zamani ambao sasa mna mashamba na vihenge vyenu, somo hili la namna ya kuwapambanua wadudu hao. Vyombo vyake si vya ghali: karatasi nyeupe, sindano mbili, na kioo cha kukuzia chenye nguvu ya mara kumi. Aliye karibu na hadubini ya shule na aitumie, na mahali pamoja tutaihitaji kweli kweli, kama utakavyoona.

Wote tutakaowataja hapa ni mbawakawa. Mbawakawa ana mabawa manne, lakini mawili ya juu si ya kurukia. Yamekuwa magumu kama ganda, nayo hukutana katikati ya mgongo kwa mstari mmoja ulionyoka. Yale ya chini ni membamba, hukunjwa na kufichwa mpaka mdudu atakapotaka kuruka. Mbawakawa hukua kwa hatua nne, yaani yai, buu, pupa, na mdudu kamili. Wataalamu wamekwisha kuandika majina ya aina kama 400,000 za mbawakawa duniani, na hakuna kundi jingine la wadudu linalowafikia kwa wingi. Katika umati kama huo, asiye na njia ya kupanga atapotea siku ya kwanza.

Njia tunayoitumia mpaka leo yatokana na Mswidi mmoja, Linnaeus, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1758 alimpa kila mnyama majina mawili ya Kilatini. La kwanza ni la jenasi, ambalo ndugu wa karibu hushirikiana. La pili ni la aina yenyewe. Jenasi kadha wa kadha zinazofanana hukusanywa kuwa familia moja. Sasa, shabaha ya mpangaji si kuwaweka pamoja wadudu wenye rangi moja. Majirani wawili wasio na udugu wo wote huweza kuvaa kanzu za kitambaa kimoja, na ndugu wa tumbo moja wakavaa mbalimbali. Rangi na ukubwa ndiyo kanzu ya mdudu. Mpangaji hutazama mwili wenyewe: kichwa kimekaaje, vipapasio vina umbo gani, mabawa yameishaje huko nyuma.

Kazi hiyo hufanywa kwa kile kinachoitwa ufunguo. Ufunguo ni mfululizo wa njia panda. Katika kila njia panda waulizwa swali moja tu lenye majibu mawili. Ukijibu hivi wafuata mkono wa kulia, ukijibu vile wafuata wa kushoto, hata ufike kwenye jina. Uzuri wake ni kwamba hujilazimishi kukumbuka kila kitu kwa mara moja. Hatari yake ni kwamba ukikosa swali la kwanza, maswali yote yanayofuata yatakupeleka mbali zaidi na kweli. Kwa hiyo tusiwe na haraka kwenye swali la kwanza, nalo ni hili: je, mdudu ana pua?

WENYE PUA

Nasema pua, ingawa kweli ni kichwa kilichorefuka kwa mbele kama mkonga mdogo, na kinywa kiko mwishoni mwake. Ukimwona mdudu wa nafaka mwenye mkonga huo, basi umempata fukusi halisi, wa jenasi Sitophilus. Jina hilo latokana na Kigiriki, na maana yake ni rafiki wa nafaka. Urafiki wa namna hiyo Mungu atuepushe nao. Jike hutoboa tundu katika punje kwa mkonga wake, hutaga yai moja ndani, kisha huziba tundu kwa utomvu unaokauka kama nta. Buu halina miguu, wala haliihitaji, maana huanguliwa katikati ya chakula chake. Hula, hugeuka pupa, na baada ya kama majuma matano katika hali ya joto letu, mdudu kamili hutoboa ganda akatoka. Ndiyo maana gunia laweza kuonekana zima siku ya kulishona, na baada ya mwezi na siku chache likawa linatembea.

Fukusi wa nafaka wanaojulikana sana ni watatu: Sitophilus granarius, Sitophilus oryzae na Sitophilus zeamais. (Yuko na wa nne, Sitophilus linearis, ambaye huishi katika kokwa za ukwaju, huyo hatusumbui ghalani.) Wa kwanza, granarius, ni rahisi kumtenga. Mtazame mgongo wa kifua kwa kioo utaona vishimo vidogo vingi. Katika granarius vishimo hivyo ni virefu kidogo, kama punje za mchele. Katika wenzake wawili ni vya mviringo. Tena granarius hana mabawa ya kurukia na hana mabaka mgongoni. Ni mdudu wa nchi za baridi. Katika nchi zetu usitazamie kumkuta.

Wabakia wawili, na hapo ndipo shida ilipo. Oryzae maana yake ni "wa mpunga", na zeamais ni "wa mahindi". Msomaji atadhani, basi, akimkuta fukusi kwenye mchele ni wa kwanza, na akimkuta kwenye mahindi ni wa pili. Sivyo. Wote wawili hula mahindi, mchele, ngano na mtama, na huweza kukaa ndani ya gunia moja. Wote wawili ni wa kahawia iliyokoza, na mara nyingi wana mabaka manne mekundu-manjano mgongoni. Wa mahindi kwa kawaida ni mkubwa zaidi na mabaka yake yang'aa zaidi. Lakini ukubwa hutegemea chakula. Fukusi aliyekulia ndani ya punje ndogo ya ngano hutoka mdogo, naye aliyekulia ndani ya punje nene ya hindi hutoka mnene, hata kama mama yao ni mmoja. Kwa hiyo asemaye, "Huyu ni mkubwa, basi ni zeamais," amepima kanzu.

Wataalamu wenyewe walihangaika kwa jambo hili karibu miaka 200. Linnaeus alimwandika oryzae mwaka 1763. Mwaka 1855 Mrusi aitwaye Motschulsky akamwandika zeamais, lakini wengi hawakumsadiki, wakasema ni yule yule. Mwaka 1928 Mjapani, Takahashi, aliwatenga wale wadogo akawapa jina jipya kabisa, akawaachia wakubwa jina la Linnaeus. Mwaka 1944 huko Australia, Birch alieleza namna mbili za fukusi, kubwa na ndogo, zisizofanana katika maisha yao. Mwaka 1959 Floyd na Newsom wa Marekani waliwachunguza tena wakaonyesha kwamba si namna mbili za aina moja bali ni aina mbili mbalimbali. Mwisho, mwaka 1961, Kuschel alilichambua suala la majina akakata shauri: wakubwa ni zeamais, jina alilolitoa Motschulsky, na wadogo ndio oryzae wa Linnaeus.

Angalieni matokeo yake. Yote yaliyoandikwa kabla ya mwaka 1961 juu ya "fukusi wa mpunga", ukiona jina oryzae peke yake, huwezi kujua mara moja ni mdudu yupi aliyekuwa mkononi mwa mwandishi. Katika vitabu vya Japani vya miaka ile jina hilo lilikuwa la yule mkubwa. Leo ni la yule mdogo. Vipimo vya mayai, vya joto, vya nguvu ya dawa, vyote vyapasa kusomwa kwa mashaka, labda kama mwandishi alihifadhi wadudu wake ili wengine wawatazame. Ndiyo sababu kila chumba cha sayansi huambiwa kutunza mifano ya wadudu pamoja na kipande cha karatasi kinachotaja mahali na tarehe. Jina laweza kubadilika. Mdudu aliyepigiliwa pini habadiliki.

Twawatengaje, basi? Hapa ndipo twataka hadubini. Chagua madume kwanza: mkonga wa dume ni mfupi, mnene na wenye kukwaruza, na wa jike ni mrefu, mwembamba, laini na uliopinda kidogo. Mloweke dume katika maji ya moto ili viungo vilegee, kisha kwa sindano mbili umfungue tumbo kwa nyuma na kutoa kiungo chake cha uzazi, ambacho ni kama kijifereji kigumu kilichopinda. Ukikitazama kwa juu, cha zeamais kina mifuo miwili iliyokwenda kwa urefu. Cha oryzae ni laini na kimeviringana bila mifuo. Kwa jike hutazamwa kipande kidogo kigumu chenye umbo la panda ya manati: katika zeamais ncha za panda ni kali na zimeachana, na katika oryzae ncha ni butu. Kazi hii yahitaji mkono uliotulia, na wanafunzi watatu kati ya wanne humpasua mdudu wa kwanza vipande vipande. Hapana neno, wadudu hawajapungua duniani.

Mtu aweza kuuliza kuna faida gani ya kuhangaika hivyo, ikiwa wote ni walaji. Faida iko. Zeamais ni mrukaji hodari, naye huondoka ghalani akaenda shambani wakati mahindi yangali yakikauka juu ya mabua. Oryzae haruki kwa urahisi namna hiyo. Kwa hiyo ukijua kwamba fukusi wako ni zeamais, wajua pia kwamba kulifagia ghala peke yake hakutoshi. Mahindi huingia ndani yakiwa tayari yamebeba mayai, na kila juma unaloyaacha yamesimama shambani baada ya kukomaa unamwongezea nafasi.

WASIO NA PUA, NA KICHWA HAKIONEKANI

Turudi kwenye njia panda ya kwanza tushike mkono wa pili. Mdudu hana mkonga. Sasa mtazame kwa juu, kama ndege amtazamavyo: je, waona kichwa chake? Ikiwa huoni kichwa, kwa sababu kimeinama chini ya ngao ya kifua kama mtu aliyejifunika kofia ya ukingo mpana, na tena ngao hiyo mbele ina vijino kama tupa ya seremala, basi umeingia katika familia ya Bostrichidae. Hao kwa asili yao ni watoboaji wa miti. Vijino vile huwasaidia kujisukuma ndani ya mbao, na mwili wao ni wa mviringo kama kipande cha kalamu ya risasi.

Watatu kati yao hukutwa ghalani. Mdogo ni Rhyzopertha dominica, wa milimita 2 mpaka 3, mwembamba, wa kahawia au mwekundu-mweusi. Vidoto vya mabawa yake vimepangwa safi kwa safu, na nyuma mwili wake huteremka taratibu kwa mviringo. Wa pili ni wa jenasi Dinoderus, ambao hupenda mianzi, na wengine wao muhogo mkavu. Nyuma nao wameviringana, na aina zinazojulikana zaidi zina vibonde viwili vidogo kando kwa kando kwenye mzizi wa ngao ya kifua. Wa tatu ndiye mwenye sifa mbaya kuliko wote, Prostephanus truncatus, ambaye katika Kiswahili cha wakulima huitwa dumuzi. Urefu wake ni milimita 3 mpaka 4 na nusu. Mgeuze umtazame nyuma: mabawa hayateremki kwa mviringo, bali yameishia ghafula kwa uso bapa ulioinama, na pembeni mwa uso huo pana tuta lililopinda, kana kwamba mtu amemkata makalio kwa panga. Truncatus maana yake ni aliyekatwa. Aliyempa jina hilo mwaka 1878, tabibu Horn wa Marekani, alichagua neno lenye kufaa kabisa, maana hiyo ndiyo alama ya kumtambulia mpaka leo.

Nitakaa kidogo juu ya dumuzi, kwa kuwa hasara ya kumkosa imekwisha kuonekana katika nchi zetu.

Kwao ni Meksiko na nchi za Amerika ya Kati. Afrika hakuwako. Yaaminiwa kwamba aliingia pamoja na mahindi yaliyoletwa kwa meli katika miaka ya 1970. Wakulima wa upande wa Tabora, Tanzania, walianza kulalamika kwamba mahindi yao yageuka unga yakiwa bado katika magunzi, na mwaka 1981 mdudu wao alitambuliwa kwa jina. Kabla ya hapo alikuwa akipita kama fukusi tu, au kama Rhyzopertha mnene kidogo. Mwaka 1983 alionekana Kenya, upande wa Taveta. Mwaka 1984 alikuwa Burundi, na mwaka huo huo akaonekana mbali sana, Togo, Afrika ya Magharibi. Katika miaka ya 1990 akaingia Malawi, Rwanda, Zambia na kwetu Uganda. Ukitazama ramani utaona kwamba hakwenda kwa mabawa yake tu. Alipanda malori na magari ya moshi pamoja na magunia. Wakulima wengine wa Tanzania walimwita Scania, kama lile lori.

Kwa nini alileta msiba? Kwanza, fukusi hula punje kutoka ndani, lakini dumuzi hutoboa punje hata kwa mchezo, akaacha unga mwingi kuliko anaokula. Ukiona vumbi jeupe limerundikana chini ya kihenge, na punje zimebaki maganda, umshuku yeye kwanza. Katika Tanzania, vipimo vilivyochukuliwa katika vihenge vya wakulima mwanzoni mwa miaka ya 1980 vilionyesha kwamba mahindi yaliweza kupoteza hadi asilimia 34 ya uzito wake katika miezi michache ya kuwekwa. Pili, yeye hupenda mahindi yaliyo katika magunzi, maana punje zilizokazwa humpa mahali pa kujikingia anapotoboa. Punje zilizopukuchuliwa humponyoka. Na desturi ya wakulima wengi ilikuwa ni ile ile ya kuweka magunzi pamoja na maganda yake, desturi iliyokuwa njema dhidi ya fukusi, kwa kuwa maganda yaliyofunga vizuri humzuia. Kwa dumuzi ilikuwa kama kumwandalia kitanda. Tatu, fukusi hapendi nafaka kavu sana, lakini dumuzi huendelea kuzaa hata katika mahindi yaliyokauka mpaka yakabaki na maji asilimia 9 tu. Tena hula makopa ya muhogo, na akikosa vyote hurudi msituni kwenye mbao, kwao kwa asili.

Na dawa? Hapa ndipo tofauti ya jina ilipowagharimu watu chakula chao. Dawa ya unga iliyotumika sana ghalani, pirimifosi-methili, huwaua fukusi vizuri na wale wekundu wa unga pia. Lakini dumuzi, na Rhyzopertha ndugu yake, hustahimili dawa za jamii hiyo. Kinyume chake, dawa za jamii ya permethrini huwaua hao watoboaji, lakini kwa fukusi ni dhaifu. Mkulima aliyesema "ni fukusi" akanunua dawa ya kwanza, alimwondolea dumuzi wapinzani wake akamwachia ghala peke yake. Ndiyo maana baadaye zilitengenezwa dawa zenye vitu vyote viwili pamoja, kama Actellic Super, ambayo ilikuwa na pirimifosi-methili asilimia 1.6 na permethrini asilimia 0.3. Pamoja na dawa, wakulima waliambiwa wapukuchue mahindi kwanza ndipo wayachanganye na dawa. Shauri hilo liligeuza desturi ya vizazi vingi, na wazee wengi hawakulipenda, maana kupukuchua magunia 10 kwa mkono wakati wa mavuno si mchezo. Kwa maoni yangu walikuwa na haki ya kulalamika, lakini shauri lilikuwa la kweli. Leo yapo na magunia yenye mifuko ya plastiki ndani, yanayofungwa kabisa hewa isiingie. Humo wadudu wa kila jina hufa kwa kukosa pumzi, na hapo mwenye haraka hana haja ya kuuliza majina. Hata hivyo gunia likitobolewa na panya, somo letu larudi pale pale.

Liko jambo jingine juu ya dumuzi. Katika vihenge vya nchi nyingine utakuta pamoja naye mbawakawa mdogo, mweusi, anayeng'aa, na mabawa yake ni mafupi kidogo hata ncha ya tumbo ikachungulia nyuma. Vipapasio vyake vimepinda kama kiwiko na mwisho wake ni kirungu cha mviringo. Huyo, nakusihi, usimponde. Ni Teretrius nigrescens, kutoka Amerika ya Kati kama dumuzi mwenyewe, naye huwinda mayai na mabuu ya dumuzi. Aliachiliwa kwa makusudi Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Hakummaliza dumuzi, mahali pengine alimpunguza sana, pengine kidogo tu. Lakini mtu anayewahesabu wadudu wote weusi kuwa ni adui mmoja, humwua askari pamoja na mwizi.

KICHWA CHAONEKANA

Wamebaki wale ambao hawana mkonga na kichwa chao chaonekana wazi kwa juu. Ikiwa mdudu ni bapa, mwekundu-kahawia kama kokwa ya tende, wa milimita 3 au 4, na amejaa zaidi katika unga na punje zilizovunjika, basi huyo ni Tribolium. Hawezi kwa kawaida kuianza punje nzima. Huwafuata fukusi na dumuzi akala mabaki yao. Unga aliokaa sana hubadilika rangi ukawa wa waridi na kunuka vibaya, kwa ajili ya maji anayotoa mwilini. Wapishi wa shule waijua harufu hiyo.

Nao wako wawili wafananao mno, Tribolium castaneum na Tribolium confusum, na hilo jina la pili lasema lenyewe, maana ni "aliyechanganywa". Lakini hapa hatuhitaji kupasua mtu. Mtazame kwanza vipapasio. Vya castaneum vimekuwa vyembamba mpaka karibu na mwisho, ndipo viungo vitatu vya mwisho vinanenepa ghafula kama rungu. Vya confusum hunenepa polepole toka mwanzo hata mwisho, wala huwezi kusema rungu limeanzia wapi. Kisha mlaze chali uyatazame macho kwa chini. Ya castaneum yamekaribiana, na nafasi iliyo kati yake ni kama upana wa jicho moja. Ya confusum yameachana kwa nafasi ya kama macho matatu. Ukiona alama zote mbili zimepatana, andika jina bila hofu. Ukiona zapingana, safisha kioo chako. Castaneum huruka wakati wa joto, naye ndiye wa kawaida katika nchi za joto kama yetu. Confusum haruki, hupenda zaidi nchi za baridi na vinu vya unga.

Mwembamba wa milimita 3 hivi, mwenye vijino sita kila upande wa kifua kama msumeno, ni Oryzaephilus. Wako wawili, surinamensis na mercator, na hutengwa kwa kipande cha shavu kilicho nyuma ya jicho: kikiwa kirefu, kupita nusu ya jicho, ni surinamensis, kikiwa kifupi sana, ni mercator, ambaye hupenda vitu vyenye mafuta kama karanga.

Juu ya wadudu wa maharagwe na kunde yafaa liandikwe somo lingine, maana ni kundi lenye mambo mengi. Kwa leo nataja alama moja tu isiyohitaji kioo. Ukiona mayai meupe yamegandishwa juu ya ganda la haragwe, ni kazi ya Zabrotes. Acanthoscelides hutaga mayai yake ovyo katikati ya maharagwe bila kuyagandisha. Yule wa kunde, Callosobruchus, naye hugandisha.

ZOEZI

Gunia moja la mahindi yaliyopukuchuliwa lilichanganywa na pirimifosi-methili peke yake miezi miwili iliyopita. Umelifungua ukapata wadudu wanne, ukawatia alama A, B, C na D.

A ana milimita 3 na nusu, mwekundu-kahawia, kichwa chaonekana, vipapasio vina rungu la viungo vitatu lililoanza ghafula, na macho kwa chini yamekaribiana. B ana milimita 4, kichwa hakionekani, na nyuma amekatika kwa uso bapa wenye tuta pembeni. C ana milimita 2 na nusu, kichwa hakionekani, vidoto vya mabawa vimepangwa kwa safu, na nyuma ameviringana. D ana mkonga mrefu, laini, uliopinda kidogo, vishimo vya kifua ni vya mviringo, na mgongoni ana mabaka manne mekundu-manjano yaliyofifia.

Taja majina ya wale wanaoweza kutajwa kwa alama hizi. Je, D ni dume au jike, na ni lipi zaidi ungehitaji kulifanya kabla ya kuandika jina lake kamili? Tena, ni wapi kati ya hao wanne ambao ungetazamia kuwakuta hai ndani ya gunia hilo, na ni wapi ungetazamia kuwakuta wamekufa?

Majibu yaletwe kwa mhariri kabla ya toleo lijalo, na wanafunzi wa zamani wenye vihenge watuletee pia wadudu wenyewe, ndani ya kichupa chenye spiriti, pamoja na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi jina la kijiji na tarehe.